Mbege ya Kwanza



Nilipotaka kupika mbege, pombe ya ndizi na ulezi ya Wachaga, kwa mara ya kwanza, nilidhani kazi ni moto na sufuria tu. Bibi, huko Kibosho, akanikalisha chini kwanza nichambue ulezi. Ulezi huo hulowekwa, huachwa uchipue, huanikwa juani, ndipo husagwa. Kimea hicho hakitaki haraka. Usipokipa siku zake, utamu hautoki. Ndizi mbivu nazo huchemshwa kwa saa nyingi, kisha huachwa siku kadhaa zichachuke. Maji yake huchujwa na kuchanganywa na uji wa ulezi, pamoja na gome la mti wa msesewe kidogo ili kuleta uchungu.

Kidogo! Mimi nilizidisha, pipa zima likawa chungu. Bibi hakumwaga hata tone. Alimpelekea jirani kibuyu kimoja, akamwambia, “Huu ni mkono wa mjukuu wangu, unajifunza.” Jirani akanywa, akashukuru.

Kwa Wachaga, mbege hukaa katikati ya posa na ya suluhu. Hupikwa ili watu wakae pamoja.

Msikilizaji, kama bibi yako yu hai na anajua kupika kinywaji cha kwenu, nenda ukakae naye jikoni mwezi huu.