Mgomba Unaohama

Anayepanga upya shamba la nyuma ya nyumba huko Busia au Malaba, akalazimika kung'oa migomba ili apate nafasi ya sukuma wiki, huona uchungu kuitupa, na uchungu huo ni wa haki, kwa kuwa chipukizi moja, yaani mche unaochomoza ubavuni mwa mgomba mama, laweza kulisha nyumba nyingine kwa miaka mingi. Jirani huuomba. Shemeji wa ng'ambo ya mpaka, upande wa Tororo nchini Uganda, huuomba pia. Lakini mche, kama mtu anayehama, huondoka na mzigo wake. Mnyauko bakteria, ugonjwa unaoozesha ndizi kutoka ndani, ulitambuliwa Uganda mwaka 2001, kisha ukaingia magharibi mwa Kenya, ukienezwa na wadudu, miche na mapanga. Basi msikilizaji mwenye mche wa kugawa leo na akate kwanza shina la mgomba mama, alitazame: likitoa usaha wa manjano, mche hauhami. Shamba likiwa halina dalili yoyote, panga na lipitishwe motoni, mizizi ikung'utwe udongo, mche upelekwe kwa jirani. Ule wa shemeji hauvuki mpaka bila cheti cha wakaguzi wa KEPHIS, shirika la serikali linalosimamia afya ya mimea.