Kwaya Isiyosema Amina

Mimi naimba besi katika kwaya kuu ya usharika wetu wa Kilutheri hapa Dar es Salaam, na ndimi mhazini, kwa hiyo habari za majoho nazijua kwa mfuko. Mpwa wangu aliponionyesha The Polyphonic Spree kwenye simu yake, macho yalikimbilia kitambaa kabla masikio hayajapata kitu. Watu zaidi ya ishirini, joho jeupe mpaka miguuni, kinubi pembeni, tarumbeta na tromboni, ngoma kubwa za okestra, na nyuma yao safu ya waimbaji wakirukaruka mikono juu. Nikamuuliza ni wa dhehebu gani.

"Hawana dhehebu, mjomba. Ni bendi ya roki."

Ni bendi ya roki kweli, ya Dallas, Texas. Katika albamu yao ya kwanza, The Beginning Stages of..., kila wimbo ni Sehemu, kuanzia ya 1 hadi ya 10, mithili ya zaburi. Ya pili, Together We're Heavy ya mwaka 2004, haikuanza hesabu upya. Iliendelea na Sehemu ya 11, kana kwamba ni ibada ileile iliyokatishwa kwa ajili ya matangazo. Kiongozi wao, Tim DeLaughter, amekana kwamba wao ni kundi la dini. Joho, kwake, ni la kuwafanya wengi waonekane kitu kimoja, mtazamaji asihangaike na shati la huyu na suruali ya yule. Mwalimu wetu wa kwaya naye husema hivyohivyo kila anapotaka tuchangishane.

Mashairi yao yanahusu jua, mchana, siku njema. Unaambiwa utazame juu, ila mwenyeji wa huko juu hatajwi. Nilimsikilizisha mzee mmoja wa kanisa, akasema huo ni wizi: wamechukua vazi la sifa, wakamwacha Msifiwa mlangoni.

Nami ningesema hivyo kama nisingejua walikotokea. DeLaughter alikuwa na bendi nyingine kabla, Tripping Daisy. Mwaka 1999 mpiga gitaa wao, Wes Berggren, alifariki, na bendi ikavunjika. Mwaka uliofuata ndipo majoho yalipotokea. Mfiwa huyu hakutafuta mtu wa kushika gitaa la marehemu. Alikusanya umati.

Sisi tunaoimba misibani hilo tunalielewa. Nakumbuka usiku mmoja Kimara, tumekaa chini ya turubai, umeme umekatika na kinanda kimenyamaza. Mwalimu alitupa noti kwa mdomo, tukaingia. Mjane alikuwa kwenye mkeka, kichwa ameegemeza ukutani, na sidhani kama alisikia neno hata moja la utenzi ule. Ila sauti nne zilipokutana kwenye kiitikio aligeuka, akatutazama mmoja mmoja, kama anayehesabu waliokuja. Wimbo ulikuwa wa Mungu, lakini pale mwenye haja nao alikuwa yeye. Na hilo si uzushi wangu: Paulo aliwaandikia Waefeso kwamba zaburi na tenzi ni za kusemezana wao kwa wao, na hapohapo kumwimbia Bwana. Sifa ina upande wa kwenda juu na upande wa kwenda kwa jirani. DeLaughter na wenzake wameushika huo wa pili, wameushika vizuri kuliko kwaya nyingi ninazozijua, yetu ikiwemo tukiwa tumechoka.

Kwenye sauti ya tatu tunaye bwana mmoja aliyeacha kuja Meza ya Bwana. Alishaniambia wazi kwamba haamini kama kuna anayesikiliza. Mazoezi hakosi, na noti zikipanda ndiye tunayemwegemea. Sifa yake inafika? Mchungaji hujibu kwamba Mungu anapokea sauti ya kwaya, hahesabu ya mtu mmoja mmoja. Jibu hilo naliona jepesi mno. Tukilifuata, kila mmoja wetu atamwachia aliye kushoto kwake kazi ya kuamini, na mwisho wa mstari hatabaki wa kuifanya.

Nikirudi kwa The Polyphonic Spree, Desemba 2004 waliimba Oslo, kwenye tamasha la Tuzo ya Amani ya Nobel, mwaka ambao tuzo ilikwenda kwa Wangari Maathai. Suzanna Owiyo wa Kenya naye alipanda jukwaani. Nyimbo za jua kumpongeza mama aliyepanda miti: hapo hata mzee wa kanisa alinyamaza. Palikuwa na mtu wa kuimbiwa.

Kinachonikwaza ni Sehemu ya 10, inayofunga albamu ya kwanza. Kwaya inatoweka, ngoma zinatoweka, unabaki mlio wa mashine unaojizungusha kwa dakika 36, zaidi ya nusu ya albamu nzima. Mpwa wangu huiruka. Mwalimu wa kwaya anasema walikuwa wanajaza CD tu, na pengine kweli. Mimi niliisikiliza yote nikipanga risiti, na kadiri ilivyoendelea ndivyo nilivyoiona kuwa sehemu ya kweli kuliko zote. Sisi tukimaliza tunasema Amina, mkono wa mwalimu unashuka, tunakaa. Amina ni kukabidhi: tumesema yetu, yaliyobaki ni yako. Asiye na wa kumkabidhi afanye nini na shangwe yote ile? Anaweza kuikata ghafla, au aiache izunguke mpaka iishiwe nguvu yenyewe. Wao walichagua kuiacha, na sioni kama walidanganya popote.

Wangekuja usharikani kwetu, msibani ningewapa usiku mzima, na majoho yao. Jumapili baada ya mahubiri, hapana. Saa ile watu wamekuja na vitu vya kukabidhi, ugonjwa, ada ya shule, mtoto asiyepiga simu, na mwimbaji anayesimama mbele yao awe anajua anampa nani. Mzee wa kanisa anasema hata msibani wasiingie. Bwana wa sauti ya tatu nilimweleza mawazo haya, akaniuliza kama na yeye aache Jumapili. Nilimwambia asiache, na sababu niliyompa haikumtosha.