Ilham Shakirov na Dua ya Asiyejua Kusali

Kuna swali lililonikaa moyoni tangu nilipokuwa nasoma Chuo Kikuu cha Patrice Lumumba, Moscow, mwishoni mwa miaka ya 1970. Mtu akifungiwa msikiti, akanyang'anywa kitabu, akaondolewa mwalimu, kisha akabakiwa na wimbo tu, wimbo huo una uzito gani mbele ya Mwenyezi Mungu?

Aliyenitia katika swali hilo ni bibi mmoja Mtatari, mlinzi wa mlango wa bweni letu. Moscow ilikuwa na Watatari wengi, na wengi wao walifanya kazi za kufagia mitaa na kulinda majengo. Bibi huyu alikuwa akikata mkate kwa kisu kirefu, na kipande cha kwanza hakikukatwa bila bismillahi, kwa sauti ya chini sana. Mimi mtoto wa Tanga niliisikia siku ya kwanza tu. Nikamtolea salamu ya Kiislamu. Aliniangalia kwa mshangao, akaitikia, na tangu siku hiyo nikawa mwanawe.

Jioni moja ya baridi kali aliniita chumbani kwake, akanimiminia chai ya maziwa, akaweka santuri. Sauti ya mwanamume ilianza chini, pole pole, kodiani ikimfuata nyuma kama mtu anayeogopa kumkatiza mzee akisema. Silabi moja aliivuta, akaipinda, akaipandisha na kuishusha kabla ya kuiachia. Mwili ulinisisimka, kwa kuwa mpindo ule niliujua: ndivyo alivyokuwa akighani maalimu wetu tulipokaa mkekani usiku wa maulidi. Bibi alinieleza kwa Kirusi kwamba ni wimbo wa zamani wa msitu na safari. Katika maelezo yake jina la Mungu halikuwemo. Lakini ulipokwisha, makombo ya mkate yakiwa bado vidoleni, aliinua viganja viwili, akavipitisha usoni, akasema amin. Mwimbaji, aliniambia, ni Ilham Shakirov.

Nilimsimulia mwenzangu wa chumbani, kijana mcha Mungu kutoka Sudan. Alisikitika kweli. "Maskini," alisema, "wamebakiwa na nyimbo badala ya dini." Sikuwa na jibu. Leo nina uzee wa kutosha kulijaribu.

Watatari wa Volga si Waislamu wa jana. Wabulgari wa Volga, ambao Watatari huwahesabu kuwa mababu zao, waliipokea dini rasmi mwaka 922, ujumbe wa Khalifa wa Baghdad ulipowafikia. Ibn Fadlan, aliyekuwemo katika msafara huo, aliandika aliyoyaona. Kwa karne nyingi imani yao ilipita kinywani na sikioni. Vitabu vya dini kama Muhammadiya havikusomwa kimya. Vilighaniwa nyumbani, jamaa wakisikiliza. Akina mama wazee walikuwa na munajati, maneno ya kumlilia Mola juu ya mauti, uyatima na kutengana na watoto, yanayoghaniwa na mtu mmoja bila ala yoyote. Mwanamke asiyeweza kuandika jina lake aliweza kuzijua munajati nyingi kwa moyo.

Kisha likaja pigo la serikali ya Kisovieti. Mwishoni mwa miaka ya 1920 hati ya Kiarabu iliondolewa, ikawekwa ya Kilatini; mwaka 1939 ikaondolewa hiyo nayo, ikawekwa ya Kirusi. Mjukuu hakuweza tena kusoma kitabu cha babu yake. Sisi wa pwani, ambao tenzi za wazee wetu ziliandikwa kwa herufi za Kiarabu na leo wanaoziweza ni wachache, tunaujua uchungu wake. Katika miaka ya 1930 misikiti ilifungwa mmoja baada ya mwingine, masheikh wakakamatwa, wengine hawakurudi. Mji wa Kazan, kitovu cha elimu ya Kiislamu ya Watatari, ulibakiwa kwa miaka mingi na msikiti mmoja tu uliokuwa wazi, ule wa Marjani, uliojengwa katika karne ya 18.

Shakirov alizaliwa katikati ya pigo hilo, tarehe 15 Februari 1935, katika kijiji cha Yana Bulyak, wilaya ya Sarman. Alikuwa na miaka sita Ujerumani ilipoivamia nchi yake mwaka 1941, kwa hiyo utoto wake ni utoto wa vita: kijiji cha wanawake, wazee na watoto. Alifika Kazan akasoma konsavatori, chuo kikuu cha muziki kilichofunguliwa mwaka 1945 chini ya mtunzi Nazib Zhiganov, akahitimu mwaka 1960. Mji huo ulikuwa na jumba la opera la Watatari tangu 1939, na kijana mwenye sauti iliyosomeshwa angeweza kutamani heshima ya huko. Yeye alisimama jukwaani na nyimbo za kijijini na kodiani. Aliziimba nyimbo ndefu za kale ambazo hupita katika noti tano na kugeuka kila mahali kwa mapambo ya koo, akaimba pia za watunzi wa zama zake kama Sara Sadiqova na Rustem Yakhin. Alizunguka Muungano wa Kisovieti kuwaendea Watatari walikotawanyikia, na kumbi zilijaa.

Wapo wanaosema hapo ndipo penye doa. Serikali ile ile iliyofunga misikiti ilimpa cheo cha Msanii wa Watu na tuzo yenye jina la mshairi Gabdulla Tukay. Siasa ya Stalin ilitaka sanaa iwe ya kitaifa kwa umbo na ya kijamaa kwa maudhui. Maana yake, Mtatari abaki na lahani yake, lakini ndani ya lahani hiyo atie watakayo wakubwa. Kwa hoja hii Shakirov alikuwa pambo: wimbo uliruhusiwa ili watu wasahau walichonyang'anywa.

Siikubali hoja hii, na sababu yangu ni ya dini. Anayedhani umbo la sauti ni ganda tupu hajawahi kukaa mbele ya mwalimu wa tajwidi. Tulichapwa kwa madda moja iliyopungua, kwa sababu wazee wetu walijua kwamba namna ya kutamka ni sehemu ya adabu kwa kinachotamkwa. Sauti iliyofunzwa kunyenyekea haisahau unyenyekevu upesi. Mpindo alioutumia Shakirov katika wimbo wa msitu ni ndugu wa mpindo wa munajati. Umetoka katika makoo yale yale, chini ya mapaa yale yale. Mkaguzi wa maneno aliona msitu, akapitisha. Bibi alisikia mama yake akiomba.

Najua watanijibu kwa fikihi, na wana haki. Watatari ni wa madhehebu ya Hanafi, ambamo maulamaa wengi wameziona ala za muziki kwa jicho kali; nasi Mashafii tuna hitilafu zetu, na hadithi ya Bukhari juu ya ala inatajwa kila mjadala unapozuka. Sitaki kuuruka ukuta huo. Ila namkumbuka Imam Ghazali, Mshafii mwenzetu, ambaye katika Ihya alitenga kitabu kizima juu ya kusikiliza na hali zinazomshukia msikilizaji. Hakuishia kwenye sauti yenyewe. Aliuliza ni nani anayesikia, kuna nini moyoni mwake, na kinachoamshwa humo ni kheri au ni shari. Tena alieleza kwa nini moyo wa mtu huweza kutikiswa na shairi lililoghaniwa kuliko na aya aliyoizoea, wala hakumtoa mtu huyo katika dini. Nikimpima bibi yule kwa mizani hiyo, namwona mja aliyekumbushwa Mola wake akanyoosha mikono. Mkono ulionyooshwa haumwombi mwimbaji.

Hata hivyo lazima niseme ukweli wa upande wa pili, maana kumsifu Shakirov hakuhitaji uongo. Wimbo si sala. Haumfundishi mtoto Fatiha, haumwambii kibla kiko wapi, haumwoshi maiti. Mjukuu wa bibi yule, kijana mpole aliyesomea uhandisi, alipenda santuri zile zile na hakujua shahada. Alilia kwa wimbo, basi. Kizazi kizima kilirithi huzuni bila kujua inamwelekea nani. Mwenzangu wa Sudan aliliona hilo, na hakukosea.

Alichokosa kukiona ni muda. Mwaka 1989 Watatari na jirani zao Wabashkiri waliadhimisha hadharani, kwa hesabu ya Hijria, miaka 1,100 tangu mababu waipokee dini. Nchi ilikuwa bado ya Kisovieti. Miaka michache baadaye misikiti ilifunguliwa na kujengwa kwa wingi, na mwaka 2005 msikiti wa Kul Sharif ulifunguliwa ndani ya ngome ya Kazan. Sheria inaweza kufungua mlango kwa siku moja, lakini haiwezi kuumba watu wanaotamani kuingia. Tamaa ile ilihifadhiwa na wengi: na wazee waliosali kwa siri, na imamu wachache waliovumilia, na mama waliosema bismillahi juu ya mkate. Naamini kwa dhati kwamba Ilham Shakirov ni mmoja wao. Watu waliosikia sauti yake walijua kuwa wao ni watu, wana asili, na asili hiyo haikuanza mwaka 1917.

Shakirov alifariki Kazan tarehe 16 Januari 2019, akiwa na miaka 83. Hukumu yake iko kwa Mola wake, na ya bibi yule vile vile. Kwa kadiri ya ufahamu wangu nasema: mtu aliyenyimwa vyote akamkumbuka Mungu kwa wimbo amefanya alichoweza, na Mungu haikalifishi nafsi ila kwa kadiri ya uwezo wake.

Swali limebaki kwetu sisi. Hapa pwani hakuna aliyetufungia msikiti. Vitabu vinauzwa, madrasa ziko kila mtaa, redio zinasoma Kurani alfajiri. Na bado tuna vijana wanaoghani Barzanji kwa sauti ya kutoa machozi bila kujua maana ya mstari mmoja. Mtatari alitengana na maana kwa kulazimishwa. Sisi tunatengana nayo kwa uvivu. Basi wewe mwenye mtoto madrasani, usiridhike na sauti yake nzuri. Mkalishe leo jioni, umuulize anachoghani kina maana gani, na kama hajui, na wewe hujui, mwendeeni mwalimu pamoja.