Mimbari na Dhambi ya Taifa

Tarehe 8 Machi 1992, Jumapili ya kwanza ya Kwaresima, waumini katika makanisa Katoliki ya Malawi walisomewa waraka wa maaskofu saba. Ulitaja waziwazi rushwa, madarasa yaliyofurika, pengo kati ya matajiri na maskini, na hofu iliyowaziba watu midomo. Maaskofu walihojiwa na polisi, na waraka ukapigwa marufuku. Mwaka uliofuata, wananchi walichagua mfumo wa vyama vingi kwa kura ya maoni.

Wapo wanaosema viongozi wa dini wahubiri mbingu, siasa wawaachie wanasiasa. Lakini rushwa ina mtoaji, mpokeaji na anayenyamaza, na wote watatu huketi kanisani. Mchungaji anayekemea uzinzi huku akiikwepa rushwa amekwisha kuchagua upande. Pingamizi zito zaidi ni kwamba kanisa lenyewe lilinyamaza kwa miaka mingi ya utawala wa Kamuzu Banda, aliyekuwa rais wa Malawi wakati huo. Ni kweli, ndiyo maana anayeliita taifa litubu hana budi kuanza kwa kutubu ukimya wake, kisha aseme bila kumwogopa mkubwa wala kumpendelea mfadhili.