Ndoto ya Farao ilikuwa na hesabu



Siku hizi, sala ya Jumapili ikiisha, vijana wanatungojea mlangoni na barua mkononi. Chuo fulani cha Ulaya kimewakubali kusoma biashara. Wanauliza neno moja tu: «Papa Shemasi, Bwana anasema nini? Niende?» Katika kanisa letu swali hili si mchezo, kwa maana tunaamini kwamba Bwana anasema na watu wake kwa ndoto na kwa maono hata leo.

Basi tufungue Mwanzo 41, lakini tusiishie pale ng'ombe wanapotoka mtoni, kama tulivyozoea. Twende mpaka mstari wa 34. Yusufu alipokwisha kuifumbua ndoto, hakungoja Farao aitikie Amina. Palepale alitaja hesabu: sehemu moja ya tano ya mavuno iwekwe, kwa miaka saba, tena awepo mtu wa kuisimamia. Ndoto ilionyesha njaa. Ghala, watu walizijaza kwa mikono yao.

Tuungame jambo moja. Miaka iliyopita kijana wa kwaya yetu alipata viza. Mtumishi mmoja alikuwa ameona ndege wakati wa maombi. Tulipiga ngoma, tukakusanya sadaka. Baba yake akauza parsela, nasi tulikuwa mashahidi wa kuuza. Hakuna hata mmoja wetu aliyeuliza ni nani atalipa mwaka wa pili. Makuta ya parsela yaliishia mwaka wa kwanza. Asipolipa haandikwi chuoni, na asipoandikwa hapati karatasi mpya ya kukaa. Leo yuko hai, anafanya kazi za usiku, simu zake ni chache. Mama yake amepanga chumba kimoja, na bado anakuja kanisani, anakaa benchi la nyuma. Sisi tuliocheza siku ile tunamsalimu na kuangalia chini. Ndege iliyoonwa ilikuwa ya kweli, kijana aliipanda. Hesabu ndiyo hatukuifanya sisi.

Sasa mwezi huu amekuja binti mmoja wa hapa Lubumbashi pamoja na baba yake. Barua ni ya chuo kikuu cha serikali Ufaransa: lisansi ya usimamizi wa biashara, miaka mitatu. Hatukuanza kwa kupiga magoti. Tuliomba kalamu.

Ili kupata viza, mwanafunzi anaonyesha kwamba ana angalau euro 615 kwa kila mwezi. Kwa miezi kumi na miwili ni 7,380. Kwa miaka mitatu ni 22,140, na waliokaa Paris watawaambia kwamba nyumba peke yake inaweza kumeza hizo 615. Tena kuna ada ya masomo: tangu 2019 chuo cha serikali kinaweza kumdai mwanafunzi asiyetoka Ulaya euro 2,770 kwa mwaka wa lisansi, na tangu pale imepanda. Vyuo vingine vinasamehe. Hilo liulizwe kwa barua kabla ya kukata tiketi. «Atafanya kazi,» baba alisema. Ndiyo, sheria inamruhusu saa 964 kwa mwaka. Lakini kazi hiyo ataitafuta akiisha kufika, na ubalozi unataka kuona makuta kwanza.

Tukauliza pia: elimu hii utaitumia wapi? Kama ni kurudi, tukumbuke kwamba Kongo iliingia katika OHADA tangu Septemba 2012. Sheria za kampuni na namna ya kuandika hesabu ni moja kwa nchi 17, na makampuni yetu yanaziandika kwa Kifaransa. Anayesoma Lusaka au Kampala anajifunza kwa Kiingereza na kwa kanuni nyingine, akirudi itampasa kujifunza upya upande huu. Si kusema ni kazi bure. Mtu wa malori ya Kasumbalesa, mwenye mizigo Dar es Salaam na Durban, kwake Kiingereza ni mkate.

Kuna njia nyingine. Tangu mwaka wa masomo 2021-2022 lisansi ya hapa kwetu ni miaka mitatu, kwa mpango wa LMD, kama kule. Mtu anaweza kuimaliza nyumbani, kisha atafute master nje, miaka miwili. Ada ya master ni kubwa zaidi, lakini maisha ya kule yanashuka mpaka euro 14,760.

Binti alilia. «Papa Shemasi, walimu wakigoma miaka mitatu inakuwa mitano. Mnataka nizeeke hapa?» Hatukuwa na jibu, kwa sababu anasema kweli. Wengi wetu tuna watoto waliongoja hivyo hivyo.

Hatukumwambia aende wala abaki. Tulipiga mistari mitatu kwenye karatasi, mmoja kwa kila mwaka, na pembeni jina la mtu atakayelipa. Mstari wa kwanza una jina la baba. Wa pili, baba yake mdogo wa Kolwezi, kama atakubali. Baba anakwenda kumwona wiki hii. Wa tatu ni mweupe. Kiwanja hakijauzwa. Jumatano baada ya maombi watarudi na karatasi ile, na wazee wanaombwa wakae.