Mlevi wa Angani Hashushwi Njiani

Mlevi akipanda matatu pale Tononoka, Mombasa, kadhia yake haifiki mbali. Akianza kutukana watu, utingo anagonga bodi, gari linasimama, na bwana anateremshwa akamalizie hotuba yake barabarani. Ndege iliyopaa kutoka uwanja wa Moi haina kituo njiani. Mlevi wake ni mzigo wa abiria wote hadi safari iishe, au hadi rubani alazimike kutua mji ambao hakuna aliyeukatia tiketi.

Sheria ipo. Mkataba wa Tokyo wa 1963 unampa rubani uwezo wa kuamuru mkorofi afungwe na kukabidhiwa polisi. Itifaki ya Montreal ya 2014, iliyoanza kutumika 2020, ikaongeza kwamba nchi ndege inapotua nayo inaweza kumshtaki. Lakini yote hayo huja mtu akishalewa. Swali langu ni la kabla: nani alikuwa akimmiminia?

Hapa chini, Sheria ya Kudhibiti Vileo ya Kenya ya 2010 iliwekea baa saa: siku za kazi, kuanzia saa kumi na moja jioni hadi saa tano usiku. Huko juu kileo hakijui saa, na katika safari nyingi ndefu hutolewa bure. Tena mwili angani si mwili wa pwani. Hewa ya ndani ya ndege huweza kuwa nyepesi kama ya mlimani, mita 2,400 juu. Watafiti wa Ujerumani walionyesha mwaka 2024 kwamba kulala katika hewa hiyo baada ya kunywa hupunguza oksijeni katika damu na kuupa moyo kazi zaidi, hata kwa kijana mzima wa afya.

Wanaokwenda umra kwa ndege za Saudia hawaandaliwi hata tone, na Jeddah wanafika. Sisemi mashirika yote yafuate njia hiyo. Wanywaji nao ni abiria. Ila Marekani sheria inalikataza shirika kumpandisha anayeonekana amelewa, au kumwongezea kileo. Hilo ni jambo la haki: anayemimina awajibike pia, si mnywaji peke yake.

Nawe msafiri, ukimsikia mhudumu akimkatalia jirani yako glasi nyingine, usijifanye umelala. Muunge mkono.