Tofauti Inayobaki Dukani

Muumini anayetaka kuchukua televisheni mpya kwa mali kauli huwa na swali moja la kumpelekea shehe au padri: ile nyongeza juu ya bei ya taslimu ni riba au si riba? Swali hilo lilikuwapo karne nyingi kabla ya televisheni. Thomas Aquinas, katika karne ya 13, alishikilia kwamba muuzaji anayepandisha bei kupita bei ya haki kwa sababu tu anamngoja mnunuzi alipe baadaye anakula riba, hata kama hapakutajwa mkopo wowote. Wanazuoni wengi wa Kiislamu waliona vingine. Kwao bidhaa yaweza kuwa na bei ya papo kwa papo na bei ya muda, mradi muuzaji na mnunuzi wafunge bei moja kabla ya kuachana, na bei hiyo isiguswe tena. Baraza la Fiqhi la jumuiya ya nchi za Kiislamu lilipokutana Jeddah mwaka 1990 liliunga mkono msimamo huo, na likakataa mnunuzi aliyechelewa kulipa aongezewe deni. Basi mkataba uleule, kwa tarakimu zilezile, ungemtia muuzaji hatiani mbele ya Aquinas na kumwacha huru mbele ya kadhi.

Mimi naona kadhi yuko karibu zaidi na biashara ilivyo, maana kumngoja mtu kuna gharama. Lakini uhalali wa mkataba unaamua jambo la bei tu. Haugusi kitu kinachonunuliwa kwa ile nyongeza, na hapo ndipo televisheni ya teknolojia bora inapotofautiana na jembe, cherehani au hata jokofu. Sehemu kubwa ya ubora tunaoulipia ipo pale tu vioo viwili vinaposimama bega kwa bega, na mahali vinaposimama hivyo ni dukani.

Tuanze na jicho. Jicho zima hutenganisha vitone viwili iwapo vimeachana kwa takriban sehemu moja ya 60 ya nyuzi. Ukikaa mita tatu kutoka kwenye kioo, hiyo ni karibu milimita 0.9. Televisheni ya inchi 55 ya kiwango cha zamani kidogo, yenye nukta 1,920 kwa upana, ina nukta za takriban milimita 0.6, yaani tayari ni ndogo kuliko jicho linavyoweza kuzipambanua kutoka kwenye kochi. Ile ya 4K inaongeza nukta mara nne, na kwa umbali huo ongezeko lenyewe halionekani. Hapo bado hatujauliza king'amuzi kinaleta picha ya kiwango gani.

Weusi ni habari nyingine, na ni haki kuukiri. Kwenye OLED kila nukta huwaka na kuzimika yenyewe, hivyo usiku wa filamu huwa usiku kweli. Kwenye kioo cha LCD taa iko nyuma, haizibwi kabisa, na weusi wake huelekea kijivu. Tofauti hii jicho huiona hata kwa mbali, ila inataka giza. Sebule yenye madirisha wazi saa nane mchana, jua likijitazama kwenye kioo, Simba na Yanga wakiwa kwenye nyasi za kijani: weusi huo utauonea wapi? Dukani mwanga wa kila kioo umepandishwa hadi mwisho, na kasuku wa rangi zote wanapita taratibu kwenye video iliyotengenezwa kwa kazi hiyo. Nyumbani kioo ni kimoja. Jicho hupima kwa kulinganisha, na likikosa cha kulinganisha huzoea.

Atasema mtu kwamba kwa hoja hii uzuri wote utakuwa upuuzi. Hapana. Mlango wa nakshi wa Unguja unapendeza bila mlango mtupu kuwekwa ubavuni pake, na hauchakai kwa kuwa fundi mwingine ametoa nakshi mpya. Na mpenzi wa filamu anayezima taa na kusogea karibu anapata kweli alicholipia. Ninachobishia ni kukopa kwa ajili ya pengo linaloonekana dukani tu.

Al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, aligawa maslahi ya watu katika ngazi tatu: ya dharura, ya haja, na ya kupamba. Televisheni ya kwanza katika nyumba isiyo na habari wala burudani naiweka bila kusita kwenye haja, na anayeichukua pamoja na sola kwa malipo ya kila siku simlaumu. Ya pili, ilhali ya kwanza inawaka, ni pambo. Tuchukue mfano: bei ya taslimu shilingi 1,200,000, au marejesho 12 ya shilingi 140,000 bila kianzio. Jumla ni 1,680,000. Nyongeza inaonekana kuwa asilimia 40, lakini deni hupungua kila mwezi, kwa hiyo kihesabu mlipaji anabeba takriban asilimia 5.6 kwa mwezi. Kadhi ataipitisha bei hiyo, maana ni moja na inajulikana. Hata hivyo pambo limefungia mapato ya mwaka mzima ambao mgonjwa wake na ada zake hazijajulikana.

Hoja nzito zaidi ni ya anayesema asiye na deni hanunui kamwe, kwa sababu akiba huliwa na bei zinazopanda. Kwa saruji na mchele yuko sahihi. Upatu unajibu nusu ya kwanza: unamlazimisha mtu kuweka, bila nyongeza kwa yeyote. Nusu ya pili inajibiwa na soko lenyewe. OLED ya inchi 55 ilipoanza kuuzwa Marekani mwaka 2013 iligharimu karibu dola 15,000. Miaka mitano baadaye ilipatikana kwa chini ya dola 2,000.